Shule Ndogo na Vigogo: Njia Nne za Kupanga Madaraja ya Mashindano ya Sekondari

Chombo chochote kinachosimamia michezo ya shule za sekondari katika mkoa, jimbo au kanda hufika mahali kikaulizwa: kwa nini shule yenye wanafunzi mia mbili imepangwa na yenye elfu mbili? Swali huja baada ya kichapo kizito, na huja na hasira. Kikao kinapoitishwa, mwalimu mmoja anataka shule zigawanywe kwa ukubwa. Wa pili anasema ukubwa si hoja; hoja ni zile shule zinazookota wachezaji kila pembe. Wa tatu anakumbusha kwamba kuna mwaka shule ndogo ilibeba kombe na hakuna aliyelia. Wanabishana hadi jioni, kumbe kila mmoja anatibu ugonjwa wake.

Zipo njia nne kubwa za kujibu swali hilo, na kila moja inatumika mahali fulani duniani na watu wanaoiamini. Ya kwanza ni kuacha mashindano wazi: shule zote, kombe moja. Ya pili ni kugawa madaraja kwa idadi ya wanafunzi. Ya tatu ni kuanza na idadi, kisha kuirekebisha kwa shule zenye faida ambayo idadi haiioni. Ya nne ni kusahau idadi kabisa na kupanga timu kwa uwezo wake uwanjani.

## Mambo matano ya kupimia

La kwanza ni ushindani: mechi zitakuwa mechi kweli, au nusu ya timu zitakwenda kusindikiza wenzao? La pili ni safari, yaani nauli, malazi na siku za masomo zinazopotea. Hili husahaulika sana vikaoni, na ndilo linaloua mipango mingi mizuri. La tatu ni kazi ya ofisini: nani anakusanya takwimu, nani anazihakiki, na rufaa zinasikilizwa na nani. La nne ni mianya, kwa sababu kila kanuni ina watu wake wa kuizunguka. La tano ni uzito wa kombe: bingwa akirudi nyumbani, anaweza kusema yeye ni bingwa wa mkoa bila mtu kuguna?

Kuna jambo sikuliweka kwenye orodha kwa makusudi. Vijeba na mamluki ni suala la usajili. Kama timu inachezesha watu waliomaliza shule zamani, au mwanafunzi aliyehamia wiki iliyopita kwa ajili ya mashindano tu, hakuna mpango wa madaraja utakaowatibu. Utawahamishia daraja jingine wakaendelee na kazi yao huko.

Mchezo wenyewe nao una neno. Mpira wa kikapu unahitaji watano uwanjani, kwa hiyo shule ndogo yenye warefu wawili na mlengaji mmoja inaweza kusumbua kanda nzima. Futiboli ya Kimarekani ina 11 upande mmoja, lakini timu hubadilisha kikosi chote kati ya kushambulia na kulinda, na miili huchoka na kuumia. Hapo wingi wa wanafunzi ni silaha. Riadha ni kisa kingine: saa haijui mkimbiaji katoka shule gani, na mtoto mmoja mwenye kipaji anaweza kushinda mita 1,500 akiwa peke yake katika basi la shule yake. Ila kwenye kupokezana vijiti, au mbio za nyika zinazohesabiwa kwa timu, ambapo kwa kawaida nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza ndizo zinazojumlishwa, wingi unarudi mezani. Ndiyo maana chombo kimoja kinaweza kutumia njia mbili tofauti bila kujipinga. Jimbo la Kentucky nchini Marekani lina kombe moja la mpira wa kikapu kwa shule zote, na madaraja sita kwenye futiboli.

## Njia ya kwanza: mashindano ya wazi

Shule zote zinaingia, zinaanza kwa majirani, washindi wanapanda ngazi. Kenya inafuata mtindo huu katika michezo ya shule za upili: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na bingwa anakwenda kukutana na wenzake wa Afrika Mashariki. Japani nayo ina mashindano makubwa ya besiboli ya shule za sekondari yaliyoanza mwaka 1915. Kila wilaya kuu kati ya 47 hutoa bingwa mmoja, isipokuwa Tokyo na Hokkaido zinazotoa wawili, jumla timu 49 zinazokutana mwezi Agosti katika uwanja wa Koshien. Zaidi ya shule 3,000 huanza safari hiyo. Hakuna daraja la wadogo.

Ushindani. Hapa ndipo pagumu. Chukua mtoano wa shule 64. Mechi zote ni 63, ratiba fupi na nafuu, lakini shule 32 zinacheza mechi moja tu na msimu wao umekwisha. Nyingi kati ya hizo ni zile zile kila mwaka. Kentucky hupunguza makali kwa kuruhusu mshindi na mshindi wa pili wa kila eneo dogo, na maeneo hayo yapo 64, kuingia hatua ya kanda. Kupoteza fainali ya nyumbani hakukuondoi. Njia nyingine ni kutanguliza ligi ya majirani, ili kila mtoto apate mechi kadhaa kabla ya mtoano.

Jimbo la Indiana ndilo shule nzuri ya somo hili. Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161, iliifunga Muncie Central 32–30 kwenye fainali ya mpira wa kikapu ya jimbo zima, shule iliyoizidi ukubwa takriban mara kumi. Watu wa kule wanaisimulia hadi leo. Lakini kombe la wazi liliendelea hadi 1997, miaka 43, na katika muda wote huo haikupatikana shule ndogo kama ile iliyorudia. Wanaotetea mashindano ya wazi huanza na Milan. Wanaoyapinga huanza na miaka 43. Mimi nadhani kundi la pili lina takwimu, na la kwanza lina kitu ambacho takwimu hazikipimi, yaani kwamba watoto wa shule mia kadhaa walilala usiku wa kuamkia mtoano wakiamini inawezekana.

Safari. Hakuna njia iliyo nafuu kuliko hii. Raundi za mwanzo ni za kutembea au kupanda gari kwa saa moja, na ni wachache tu wanaosafiri mbali.

Kazi ya ofisini. Ndogo. Orodha ya shule, ramani na droo. Kazi ya maana ni kuwatenganisha vigogo kwenye droo wasikutane raundi ya kwanza, na hilo linahitaji kigezo kilichotangazwa mapema, la sivyo kila droo itaonekana imepikwa.

Mianya. Michache, kwa kuwa hakuna daraja la kukimbilia. Kuna ukosefu wa usawa wa kijiografia tu: huko Japani bingwa wa Kanagawa hupita katikati ya timu zaidi ya 150, na wa Tottori katikati ya chini ya 30, kisha wote wawili wanaingia Koshien na tiketi ile ile.

Uzito wa kombe. Hakuna anayeguna.

Inawafaa wenye shule chache, au shule zinazokaribiana ukubwa, au mchezo wa timu ndogo. Haiwafai wenye michezo ya vikosi vikubwa inayoumiza. Na kwa shule zisizotimiza hata kikosi, Japani inaruhusu kadhaa kuungana na kuunda timu moja ya muungano, jambo ambalo mikoa mingi ingeweza kuiga kesho bila kubadili kitu kingine chochote.

## Njia ya pili: madaraja kwa idadi ya wanafunzi

Hii ndiyo inayokuja kichwani kwanza, na Texas ndiko ilikokomaa. Chombo chao, UIL, kilichoanzishwa mwaka 1910, kinazigawa shule katika ngazi sita, kutoka 1A ya wadogo hadi 6A ya wakubwa. Ijumaa ya mwisho ya Oktoba ni siku ya kuhesabu wanafunzi, na upangaji hufanywa upya kila baada ya miaka miwili. Ndani ya kila ngazi, shule hupangwa tena katika makundi ya majirani.

Ushindani. Unapanda, hasa katikati ya jedwali. Shule ndogo inakutana na ndogo, na mwalimu wake anaweza kupanga msimu akijua ana nafasi. Tatizo liko kwenye mstari. Daraja likianzia wanafunzi 500 hadi 1,000, shule ya 1,000 inakutana na nusu yake, huku shule ya 499 na ya 500, ambazo kimsingi ni pacha, zikitenganishwa. Popote utakapochora mstari, kuna shule itakayoamka ikiwa ndogo kuliko zote katika daraja lake kwa sababu ya wanafunzi watatu waliohamia. Dawa si kuusogeza mstari, maana utamuumiza mwingine. Dawa ni kuongeza madaraja, na hilo linagharimu mahali pengine.

Safari. Ndipo linapogharimu. Ukigawa shule 60 katika madaraja manne ya 15, shule yako haichezi tena na jirani wa mtaa wa pili kwa sababu yeye ni daraja la tatu na wewe ni la kwanza. Wenzako 14 wametawanyika mkoa mzima. Shule ndogo ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa aghalabu ziko vijijini, mbali mbali, na ndizo zenye mfuko mwembamba. Mpango uliobuniwa kuwasaidia unawapandisha gari saa tano.

Kazi ya ofisini. Ya wastani, lakini inahitaji nidhamu. Lazima kuwe na siku moja ya kuhesabu, chanzo kimoja cha takwimu, na majibu ya maswali yanayoonekana madogo. Mnahesabu vidato vyote au vile vinavyoruhusiwa kucheza tu? Shule ya wasichana watupu yenye 400 ni sawa na shule mchanganyiko ya 400? Mashirika mengi huzidisha mara mbili idadi ya shule za jinsia moja, kwa sababu wasichana 400 ndio ambao shule mchanganyiko ingekuwa nao ikiwa na wanafunzi 800. Kamati isiyojibu hili mapema italijibu kwenye rufaa.

Mianya. Kupunguza idadi kwenye karatasi kunawezekana pale takwimu zinapotoka kwa shule yenyewe. Zikitoka wizarani au kwenye mfumo wa usajili wa wanafunzi, mwanya unaziba karibu wote. Mwanya mkubwa si wa udanganyifu: idadi haioni uwanja mzuri, kocha wa kulipwa, bweni, wala shule inayochagua wanafunzi wake.

Uzito wa kombe. Unapungua kwa kadiri madaraja yanavyoongezeka. Indiana ilipohamia madaraja manne msimu wa 1997–98, mabingwa wa wavulana wakawa wanne badala ya mmoja, na ubishi wa kama lilikuwa jambo la busara haujazimika. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba shule tatu zaidi zina kombe kabatini.

Texas imefanya jingine ambalo nalipenda kuliko madaraja yenyewe. Kwa shule ndogo kabisa, badala ya kuzilazimisha kutafuta wachezaji 22, wanacheza futiboli ya watu sita, mchezo uliobuniwa Nebraska mwaka 1934 kwa ajili ya shule za aina hiyo, kwenye uwanja mdogo zaidi. Mchezo umepunguzwa ukafuata shule. Mikoa yenye shule ndogo nyingi ingejiuliza kama soka la saba kwa saba lisingewafaa kuliko daraja la nne la soka la kumi na mmoja.

## Njia ya tatu: idadi pamoja na marekebisho

Ilizaliwa kutokana na lalamiko moja: shule zisizo na mipaka ya eneo la kuandikisha wanafunzi, nyingi zikiwa za binafsi au za dini, zilikuwa zinabeba makombe mengi ya madaraja ya chini, kupita wingi wao ulivyostahili. Wanafunzi ni 400, ndiyo, lakini wamechaguliwa kutoka mji mzima.

Jibu lilikuja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni kizidisho. Illinois huzidisha kwa 1.65 idadi ya wanafunzi wa shule hizo. Alabama imetumia 1.35. Shule ya 400 huhesabiwa kama 660 kwa kipimo cha Illinois, na kama 540 kwa kile cha Alabama. Tofauti hiyo peke yake inakuambia kwamba namba haikushuka kutoka mbinguni. Ni mapatano ya watu waliokaa mezani. Sura ya pili ni kigezo cha mafanikio, kinachotumika Indiana: timu inayovuna pointi za kutosha katika mashindano ndani ya miaka miwili hupandishwa daraja katika mchezo huo tu, iwe ya umma au ya binafsi. New Jersey imekwenda mbali zaidi na kutenganisha kabisa ubingwa wa shule za umma na zisizo za umma.

Ushindani. Kileleni mwa madaraja ya chini unaimarika, kwa sababu wale waliokuwa wanazoa kila kitu wanasogezwa. Chini ya jedwali hakuna kinachobadilika. Timu iliyokuwa ya mwisho inabaki ya mwisho.

Kizidisho kina kasoro ya kuzihukumu shule kwa aina yake. Shule ya binafsi yenye watoto 90 na uwanja wa vumbi inazidishwa sawa na ile yenye bwawa la kuogelea, na ndiyo sababu huandamana na utaratibu wa kuomba msamaha wa kizidisho. Kigezo cha mafanikio hakina ubaguzi huo, lakini kina kasoro inayonikera zaidi: kinawahukumu watoto kwa kazi ya kaka zao. Timu ilibeba kombe miaka miwili mfululizo, wachezaji wakahitimu, na kundi jipya la vijana wa kidato cha chini ndilo linalokwenda kulipa kwenye daraja la wakubwa. Kwenye klabu, ambako mchezaji anakaa miaka kumi, kanuni hii ina mantiki. Shuleni kikosi kinajifuta chenyewe kila baada ya miaka michache.

Safari. Kama njia ya pili, hakuna nafuu wala nyongeza ya maana.

Kazi ya ofisini. Kubwa. Orodha ya shule zinazozidishwa, pointi za kila mchezo, maombi ya msamaha, rufaa juu ya rufaa. Chombo chenye katibu mmoja wa kujitolea kisiguse.

Mianya. Kizidisho hakidanganyiki kirahisi kwa kuwa kinafuata hadhi ya shule. Kigezo cha mafanikio kinadanganyika kinadharia, maana timu inaweza kuachia mechi ili isipande. Ila ni nadra mtoto wa sekondari kukubali kutupa fainali kwa ajili ya kundi la mwaka kesho, na hapo asili ya mashindano ya shule inasaidia.

Uzito wa kombe. Unarudi kidogo katika madaraja ya chini. Mabingwa wake hawaambiwi tena kwamba wameshinda walio dhaifu kwa sababu ya hesabu za ofisini.

Inawafaa wale ambao tayari wana madaraja ya idadi, wana miaka kadhaa ya matokeo yaliyohifadhiwa, na matokeo hayo yanaonyesha wazi kundi moja la shule likizoa kila kitu. Bila kumbukumbu hizo, kizidisho ni chuki iliyoandikwa kwa desimali.

## Njia ya nne: madaraja kwa uwezo wa timu

Hapa hauulizi shule ina wanafunzi wangapi. Unauliza timu yake inachezaje. Mfano wake mkubwa ni kusini mwa California. Shirikisho la jimbo hilo, lililoanzishwa mwaka 1914, limegawanyika katika sehemu 10, na ile ya kusini peke yake ina shule zaidi ya 500. Wakati wa msimu wa kawaida timu zinacheza ligi za majirani. Ukifika wakati wa mtoano, katika futiboli, timu zinazofuzu hupangwa kwa alama za uwezo zinazokokotolewa kutokana na matokeo ya msimu ule: zenye nguvu kuliko zote daraja la juu, zinazofuata daraja la pili, na kuendelea kushuka.

Ushindani. Hakuna njia inayoishinda. Raundi ya kwanza ya kila daraja inaweza kuwa mechi ya kweli, na shule ndogo yenye kizazi cha dhahabu inapelekwa kwa wakubwa wenzake mwaka ule ule, si baada ya watoto kuhitimu. Kasoro ya Indiana niliyoitaja juu haipo hapa.

Safari. Msimu wa kawaida ni nafuu kwa kuwa ligi ni za majirani. Mtoano unaweza kuwa wa mbali, na mbaya zaidi, haujulikani hadi dakika za mwisho. Mwalimu mkuu anayetakiwa kuomba fedha za basi wiki sita kabla hana cha kuandika kwenye fomu.

Kazi ya ofisini. Inategemea kitu kimoja: kila matokeo ya kila mechi yaripotiwe, kwa wakati na kwa usahihi. Mkoa ambao ligi zake zina viporo, mechi zisizochezwa na ushindi wa mezani usioandikwa popote utapata alama za ovyo, na alama za ovyo zinazotoka kwenye kompyuta zinaaminiwa kuliko zinavyostahili. Ikiwa hesabu inazingatia tofauti ya mabao, weka kikomo, la sivyo kocha aliye mbele kwa mabao sita ataendelea kuwabakiza nyota wake uwanjani.

Mianya. Hii ndiyo hofu kubwa, nayo ina msingi. Popote ambapo kupoteza kunaweza kukupangia wapinzani rahisi, kuna atakayejaribu. Kwenye Olimpiki za London mwaka 2012, wachezaji wanane wa mpira wa vinyoya kwa wanawake wawili wawili, kutoka China, Korea Kusini na Indonesia, walifukuzwa mashindanoni kwa kucheza makusudi wapoteze mechi za mwisho za makundi ili wapate droo nyepesi. Hao walikuwa watu wazima wa kiwango cha dunia, mbele ya uwanja uliojaa ukiwazomea. Kinga ya shule ni kuhesabu msimu mzima badala ya mechi mbili za mwisho, na kuacha ubingwa wa ligi ya majirani uwe na thamani yake, ili kupoteza kwa hila kuwe na gharama.

Uzito wa kombe. Hapa nakiri njia hii inachekesha kidogo. Kombe la daraja la juu ni kombe la chuma. Kila mtu anajua aliyelibeba ni bora. Lakini kombe la daraja la nane linaweza kwenda kwa timu iliyofungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda kabla ya mtoano. Wazazi wa timu hiyo hawaoni tatizo lolote. Wazazi wa timu nzuri iliyotolewa mapema katika daraja la pili wanaona.

Inawafaa wenye shule nyingi sana, ligi zinazochezwa zikaisha, na mtu anayejua kutunza takwimu. Kwa mkoa wa shule 20 ni mzigo bila faida; wote mnafahamiana, na hakuna alama itakayowaambia jambo msilolijua.

## Vipi kuhusu kombaini?

Kuna watakaouliza mbona sijaitaja. Katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, mikoa hupeleka timu zilizochaguliwa kutoka shule mbalimbali, si shule moja iliyobeba ubingwa. Hapo swali la ukubwa wa shule linayeyuka, kwa sababu mtoto wa shule ya wanafunzi 150 anaweza kuvaa jezi ya mkoa pamoja na wa shule ya 1,500. Faida hiyo ni kubwa. Lakini kombaini inajibu swali la nani awakilishe mkoa huko mbele. Bado mnahitaji mechi za shule kwa shule za kuwaonea vipaji hao, na mechi hizo zinahitaji mpangilio. Kwa hiyo ukiwa na kombaini juu, njia yoyote kati ya nne inaweza kukaa chini yake, na shinikizo la kupata madaraja kamilifu linapungua sana.

## Chagua kwa hali yako

Shule zenu hazizidi 25 na ziko karibu. Mashindano ya wazi, yakitanguliwa na ligi ya makundi ya majirani ili kila shule ipate mechi tatu au nne. Madaraja yatawaachia droo za timu sita sita.

Shule ndogo zinafungwa, na sababu ni uchache wa wachezaji. Jaribuni kwanza timu za muungano au aina ya mchezo yenye watu wachache. Ikishindikana, madaraja mawili kwa idadi, si manne, na mstari uwekwe mahali ambapo idadi za shule zina pengo la asili.

Shule ndogo zinafungwa na shule ndogo wenzao wanaochagua wanafunzi. Hili si tatizo la idadi, na kuongeza madaraja kutalikuza. Kaeni na matokeo ya miaka mitano, na yakithibitisha, chagueni marekebisho. Mimi ningependelea kigezo cha mafanikio kuliko kizidisho, pamoja na kasoro yake, kwa kuwa kinahukumu matokeo badala ya jina la shule, na ningekipa muda mfupi wa kuisha ili watoto wapya wasilipe muda mrefu.

Jiografia yenu ni pana na bajeti ni nyembamba. Msigawe hatua za awali hata kidogo. Chezeni na majirani hadi timu zibaki chache, kisha ndipo mtenganishe wakubwa na wadogo kwenye hatua ya mkoa, ambako wote wanasafiri kwa vyovyote.

Mna shule zaidi ya mia, na ligi zenu zinaisha kwa wakati. Njia ya nne inastahili kujaribiwa, ikiwa tu kuna mtu mwenye jukumu la kupokea matokeo kila jioni ya mechi na mamlaka ya kuadhibu asiyeripoti.

Mnasimamia michezo mingi tofauti. Msitafute kanuni moja ya yote. Riadha ya mtu mmoja mmoja iwe wazi, netiboli na kikapu viwe wazi au madaraja mawili, na michezo ya vikosi vikubwa igawanywe zaidi.

Ndiyo kwanza mnataka kubadilisha mpango. Anzeni na mchezo mmoja kwa mzunguko wa miaka miwili, na tarehe ya kuupitia upya iandikwe kwenye kanuni kabla ya droo ya kwanza. Mwaka mmoja ni mfupi, shule moja yenye kizazi kizuri inaweza kupotosha picha nzima. Tangazeni pia, kabla ya kuanza, ni takwimu gani mtaziangalia: tofauti za mabao, idadi ya timu zilizojitoa katikati, na kilomita zilizosafiriwa na shule iliyosafiri zaidi.